Mlinzi asiyelala naye hutaka kula

Siku hizi ukipita kwenye maduka ya vifaa vya umeme hapa jijini Nakuru, huwezi kukosa kuiona taa ndogo yenye jicho jeupe mfano wa yai lililokatwa katikati. Mwenye duka ataipungia mkono, nayo itawaka papo hapo. Atakuambia hiyo ni taa ya sensa. Usidhani ni ile sensa ya kuhesabu watu. Hii ni ya kumhisi mtu anayepita, na kwa Kiswahili sanifu jicho hilo huitwa kihisi mwendo.

Vihisi hivi vimeenea kuanzia Milimani na Section 58 hadi Kiamunyi, Lanet, Njoro na Gilgil. Wengine huviunganisha na taa ya nje tu. Wengine wamefika mbali zaidi na kujenga kile kinachoitwa nyumba mahiri, ambamo kihisi kikiona mtu langoni, taa huwaka, king'ora hulia na simu ya mwenye nyumba hupata ujumbe hata akiwa Naivasha kazini.

Hapana shaka ni jambo jema. Mama aliyeachwa nyumbani na watoto wadogo katika ploti iliyo mbali na majirani anahitaji kujua ni nani anayezunguka nyumba saa nane za usiku. Lakini watu wengi, wakishanunua, huuliza swali moja tu: nikiweke wapi? Swali hilo ni zuri, ila linafaa kuwa la pili. La kwanza ni hili: kitakula nini usiku ambao stima imepotea?

Nasema hivyo kwa sababu mwizi hapendi mwangaza. Usiku wa giza ndio mwizi huutaka, na ndio usiku ambao mlinzi wako wa umeme anaweza kulala fofofo.

Bila shaka unakumbuka Ijumaa ya Agosti 25, 2023. Yapata saa nne kasorobo usiku, stima ilipotea karibu nchi nzima, na sehemu nyingine zilikaa gizani hadi siku iliyofuata. Kabla ya hapo, Juni 7, 2016, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, katika Mto Tana, akaangukia transfoma, na Kenya nzima ikazimika kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alinusurika. Sisi wa Bonde la Ufa tunaishi kando ya chungu cha mvuke, kwani Olkaria imekuwa ikizalisha umeme tangu 1981. Hata hivyo, kukaa karibu na chungu si kushiba. Umeme wa Olkaria huingia katika gridi ile ile ya taifa, na gridi ikianguka, Naivasha na Nakuru huanguka nayo.

Jicho linavyoona

Kabla ya chakula, tumjue mlaji. Kila kiumbe chenye damu moto hutoa miale ya joto ambayo macho yetu hayawezi kuiona. Ndani ya kihisi cha kawaida mna kipande kidogo chenye sehemu mbili zinazopokea miale hiyo. Mtu akipita, joto la mwili wake huangukia sehemu moja kabla ya nyingine, na tofauti hiyo ndiyo inayokiamsha kihisi. Lile yai jeupe la plastiki ni lenzi ya kukusanya miale.

Kutokana na hayo utaelewa mambo kadhaa. Kwanza, kihisi humwona vyema mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayekijia moja kwa moja. Kwa hivyo kiweke ukutani kando ya njia, wala usikielekeze kwenye lango. Pili, miale hiyo haipenyi kioo, hivyo kihisi kilichowekwa ndani ya dirisha hakioni chochote cha nje. Tatu, kinapenda tofauti ya joto. Usiku wa baridi wa Molo au Mau Narok, mwili wa mtu huonekana wazi. Mchana wa joto kali kule Marigat, ukuta na mtu hukaribiana joto, na jicho huanza kupotea.

Kiweke urefu wa mita 2 hadi 2.5 kutoka ardhini. Kisielekee mahali panapopikiwa nje wala matawi yanayoyumba mbele ya ukuta uliochomwa na jua. Ikiwa unaishi karibu na mbuga ya Ziwa Nakuru, unajua kwamba nyani hawabishi hodi. Kihisi hakitofautishi nyani, mbwa na binadamu. Vingi vina vifundo vitatu vya kurekebisha: ukali wa kuhisi, muda wa taa kuwaka, na kiwango cha giza ambapo kinaanza kazi. Punguza ukali, weka muda wa dakika moja au mbili, na ukipange kianze kazi jua linapotua. Na tafadhali, ikiwa ploti yako ni ile ya futi 50 kwa 100, hakikisha taa hailengi chumba cha kulala cha jirani.

Chakula cha kwanza: stima

Kihisi cha stima ndicho rahisi kukitunza, na hakina choyo. Hebu tupige hesabu. Balbu ya kale ya wati 60 ikiachwa nje saa 12 kila usiku hula uniti 21 na ushei kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 10 kwa muda huo huo hula uniti 3.6. Ukiiwekea kihisi ambacho chenyewe hula nusu wati kikiwa macho, na taa ikawaka jumla ya nusu saa kwa usiku, matumizi yote ni kama nusu uniti kwa mwezi. Anayenunua tokeni kila wiki ataona tofauti.

Tatizo ni nyaya. Kihisi cha aina hii huhitaji waya wa moto na waya wa nyutro, kisha wa tatu wa kupeleka umeme kwenye taa. Katika nyumba zetu nyingi, kisanduku cha swichi ukutani hakina nyutro. Ndipo fundi wa mkato anaposhawishika kutumia waya wa ethi badala yake. Usikubali kamwe! Waya wa ethi uliwekwa ili kuokoa maisha, na ukitumiwa hivyo unaweza kuwarusha watoto kwa kugusa tu kifaa cha chuma. Mtafute fundi mwenye leseni ya EPRA, na umwombe akuonyeshe leseni hiyo kabla hajapanda ngazi.

Chakula cha pili: jua

Taa ya sola haijui kama gridi imeanguka, na hilo ndilo sifa yake kuu. Nakuru iko chini kidogo tu ya ikweta, hivyo jua hupita karibu na utosi mwaka mzima. Paneli inayotenganishwa na taa yafaa ilazwe karibu bapa, kwa mwinamo mdogo wa kuiwezesha mvua kuisafisha, mbali na kivuli cha mti au paa.

Kuna maadui wawili. Wa kwanza ni vumbi. Inasemekana hata jina Nakuru linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na mtu yeyote aliyeanika nguo hapa mwezi wa Februari hatabisha. Pangusa paneli kwa kitambaa chenye maji kila baada ya wiki mbili wakati wa kiangazi. Adui wa pili ni mawingu ya masika, na yale ya Julai na Agosti, betri inapolala na njaa siku tatu mfululizo. Taa nyingi za sola zina namna kadhaa za kuwaka. Chagua ile inayozima kabisa hadi mtu apite, wala si ile inayofifia usiku kucha, maana hiyo humaliza betri kabla ya alfajiri.

Isitoshe, usiamini kila kilichoandikwa kwenye boksi. Paneli yenye ukubwa wa daftari dogo la shule hutoa wati 5 au 6 jua likiwa kali. Ikiwa boksi limeandikwa wati 300 na paneli ni ya ukubwa huo, umeelewa mwenyewe.

Chakula cha tatu: betri

Vihisi vidogo vya ndani ya nyumba, vile vinavyobandikwa kwa gundi, hutumia betri. Kwa mpangaji hivi ndivyo bora, kwani hatoboi ukuta wa mwenye nyumba na akihama anahama navyo. Vile vinavyozungumza kwa njia ya Zigbee hula kidogo sana, na betri moja huweza kudumu miezi mingi. Vinavyotumia waifai moja kwa moja vina njaa zaidi, na yafaa vichomekwe kwenye umeme.

Hapa ndipo wengi hunaswa. Stima inapopotea, kihisi cha betri bado ki hai, lakini kinampelekea nani habari? Kituo chake cha kupokea ujumbe na ruta ya intaneti vimezimika. Jicho linaona, mdomo umefungwa. Nunua betri ya akiba ya kulisha vifaa hivyo viwili. Lakini piga hesabu hapa pia. Betri iliyoandikwa mAh 10,000 kwa kawaida hupimwa kwa volti 3.7, hivyo ina wati-saa 37 pekee. Ruta na kituo vikila wati 10 pamoja, utapata saa tatu hivi, wala si usiku mzima. Ukitaka kufika asubuhi, tafuta yenye wati-saa 100 au zaidi. La sivyo, hakikisha king'ora chako kina betri yake na kinaweza kulia chenyewe bila kusubiri intaneti.

Fauka ya hayo, mzazi, kuna hatari isiyotokana na mwizi. Vihisi vingi hutumia betri bapa mfano wa kifungo cha koti. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza umio kwa muda wa saa mbili tu. Weka mpya na kuukuu mahali pasipofikiwa na mtoto, na uchague kihisi ambacho kifuniko chake kinafungwa kwa skrubu. Ukishuku kwamba mtoto amemeza, usimtapishe wala usingoje dalili. Mkimbize hospitalini mara moja.

Jaribio la jioni moja

Basi jioni moja wiki hii, giza likishaingia, waambie watu wa nyumbani kwamba unazima swichi kuu kwa saa moja. Kisha toka nje, tembea kutoka langoni hadi mlango wa jikoni, uzunguke hadi nyuma ya nyumba. Angalia ni taa gani inawaka. Sikiliza kama king'ora kinalia. Tazama kama simu yako imepata ujumbe. Mwambie mtoto mkubwa aandike kila pembe uliyopita bila kuonekana.

Karatasi hiyo ndiyo orodha yako ya ununuzi. Huenda ukagundua kwamba huhitaji vihisi vitano vipya, bali taa moja ya sola upande wa nyuma na betri ya akiba ya ruta. Anayeanza na kipato kidogo aanze na taa moja ya sola kwenye mlango utumiwao zaidi, kisha aongeze polepole. Haba na haba hujaza kibaba.

Na rudia jaribio hilo kila baada ya miezi mitatu, kwani betri huzeeka na buibui hupenda sana kutanda juu ya lile yai jeupe. Kitambaa laini kinatosha kumwondoa.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia usiku mwema.