Kichezeo cha Mbao Kisafishwe, Kisifungiwe Kabatini

Si jambo geni kukuta katika wodi ya watoto kabati lenye kufuli, na ndani yake vigari vya mbao na wanasesere ambao hakuna mtoto anayewagusa. Sababu itolewayo ni hofu ya maambukizi. Hofu hiyo ina msingi: mtoto hutia kila kitu mdomoni, na kichezeo kinachopita mikono mingi huweza kubeba vimelea vya kuhara kutoka kitanda kimoja hadi kingine. Hata hivyo, kufuli si kinga inayofaa, kwa kuwa humnyima mtoto sehemu ya tiba yake.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 kuhusu kuwatibu watoto wenye utapiamlo mkali wakiwa wamelazwa unaelekeza kwamba mtoto achezeshwe kwa utaratibu dakika 15 hadi 30 kila siku. Jambo hilo limewekwa katika hatua za matibabu pamoja na lishe na dawa, wala si burudani ya ziada. Mtoto asiyechezeshwa anaweza kuruhusiwa akiwa ameongezeka uzito, ilhali ukuaji wa akili na viungo vyake umebaki nyuma.

Kosa la pili ni kuloweka vichezeo vya mbao katika maji ya klorini kana kwamba ni ndoo za plastiki. Mbao hunyonya maji, huvimba, kisha hupasuka inapokauka. Na katika nyufa hizo ndimo uchafu hujificha. Tena klorini hupungua nguvu inapokutana na uchafu na vitu vya asili kama mbao. Kwa hiyo muuguzi hudhani amekitakasa kichezeo, kumbe amekiharibu tu.

Utaratibu ulio bora ni mwepesi. Kichezeo kipanguswe kwa kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya sabuni na kukamuliwa vizuri, kisha kwa kitambaa kingine chenye maji safi, na mwisho kwa kitambaa kikavu. Kianikwe kivulini penye upepo, kwani jua kali huipasua mbao. Pembe zilizochanika zilainishwe kwa msasa, na vumbi lake lifutwe kabla mtoto hajarudishiwa. Kilichopasuka sana, au chenye kipande kidogo kinacholegea na kuweza kumkaba mtoto, kitupwe bila huruma.

Kwa kuwa mbao haiwezi kutakaswa kikamilifu, kichezeo cha mbao wodini kiwe cha mtoto mmoja, naye aondoke nacho siku ya kuruhusiwa. Vya kuchangia viwe vya plastiki ngumu, vinavyooshwa na kutakaswa kila vinapohama kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Mpango huu hauhitaji fedha nyingi: seremala wa jirani huweza kutengeneza kigari kwa vipande vya mbao vinavyobaki karakanani.

Nyumbani, wazazi na walezi waangalie pia rangi. Baadhi ya rangi zina madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, nayo huathiri ubongo wake. Kichezeo cha zamani ambacho rangi yake inabanduka, na haijulikani ilikuwa rangi gani, kisikwanguliwe wala kupigwa msasa, maana vumbi lake ndilo hatari zaidi, kiondolewe kabisa. Mbao tupu iliyolainishwa vizuri ni salama kuliko rangi isiyojulikana.

Wauguzi viongozi wa wodi ndio wenye funguo za makabati hayo. Wayafungue, wapange zamu ya usafi, na wawafundishe mama na baba walio kando ya vitanda namna ya kupangusa kichezeo na kunawa mikono kabla na baada ya mchezo. Maambukizi hudhibitiwa kwa sabuni na nidhamu. Mtoto mgonjwa asitozwe gharama yake kwa kunyimwa kucheza.