Tusiwaambie wanachuo "yamepita, someni"

Mama mmoja wa Mpwapwa aliniuliza swali ambalo naamini wazazi wengi wanalo. Kijana wake anasoma chuo hapa Dodoma. Tangu arudi chuoni baada ya vurugu za uchaguzi hapati usingizi, moyo unamwenda mbio, kichwa kinauma. Amepima malaria, taifodi na UTI, hakuna kitu. "Daktari, nimtumie hela ya dawa gani?"

Nilimuuliza kama kuna mtu wamempoteza. Akanyamaza, kisha akasema rafiki ya kijana, waliyesoma naye kidato cha sita, alifariki siku zile. "Ila baba yake alimwambia asiyaongelee hayo. Yamepita, asome."

Sitamlaumu huyo baba. Aliogopa, na mtu mwenye hofu humziba mdomo mwanawe akidhani anamkinga. Lakini kwa afya ya kijana, ushauri ule ulikuwa mbaya.

Tukumbuke yaliyotokea. Oktoba 29, 2025 ilikuwa siku ya uchaguzi. Ghasia zilizuka Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya na kwingineko, watu wakafa, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, na kufunguliwa kwa vyuo kukaahirishwa. Novemba 14, akifungua Bunge hapa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan aliwapa pole wafiwa na kutangaza tume ya uchunguzi. Nani alikosea, safu ya afya haina uwezo wa kuamua. Ninachojua ni kwamba vyuo vya mji huu, kuanzia UDOM kule Chimwaga hadi St. John's na Chuo cha Mipango, vinapokea vijana wa kila mkoa. Chumba kimoja cha hosteli kinaweza kuwa na aliyefiwa, aliyelala chini ya kitanda usiku kucha akisikia milio ya risasi, na ambaye kaka yake ni askari. Wanachangia chumba, na kila mmoja anamwogopa mwenzake.

Hofu hiyo inakaa mwilini. Kifua kinabana, tumbo linavurugika, mtu anasoma ukurasa mmoja mara nne na hakuna kinachoingia. Mlango ukigongwa kwa nguvu anaruka. Katika wiki za kwanza huo si ugonjwa, wala si uvivu. Wengi hupata nafuu wenyewe kadiri siku zinavyokwenda, wakiwa na watu wao, wakila na kulala kwa ratiba. Ikipita zaidi ya mwezi na ndoto mbaya au kushtuka havipungui, au ameacha kabisa kwenda darasani, hapo anahitaji mtaalamu. Akisema anatamani kufa, msihesabu siku. Apelekwe hospitali leo, na asiachwe peke yake njiani.

Kuhusu dawa za usingizi, naomba wazazi wanisikilize. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unasema dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu zisitumike kutibu mshtuko wa namna hii katika mwezi wa kwanza. Zinazoea mwili upesi. Hela ya vidonge vya dirishani ni heri iwe nauli ya kurudi nyumbani wikiendi moja.

Lipo pia kosa la upande wa pili, la kumbana mtu asimulie kila kitu ili "atoe sumu". Nimeona watu wenye nia njema wakiwakusanya vijana ukumbini na kuwataka waeleze walichokiona, mmoja baada ya mwingine. Wapo wanaotoka hapo wameumia zaidi. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia, kama WHO ilivyoieleza mwaka 2011, ni kuangalia nani ana shida, kumsikiliza anayetaka kusema, na kumuunganisha na msaada. Asiyetaka kusema aachwe, mradi ajue mlango uko wazi.

Wenzetu wa Kenya walipita pabaya zaidi. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Walionusurika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, wakaendelea na masomo. Kuendelea na masomo kulikuwa na maana, kwa sababu ratiba na wenzako wa darasa ni sehemu ya tiba. Lakini masomo hayachukui nafasi ya msiba.

Kwa hiyo nina ombi kwa wakuu wa vyuo. Kijiji kikifiwa, hukaa matanga. Chuo nacho kiruhusu saa moja ya kuwakumbuka waliofariki, bila hotuba na bila kuuliza nani alikuwa upande gani. Aliyefiwa apewe nafasi ya kufanya jaribio alilolikosa bila kusubiri sapu. Mnasihi awe na mlango usiotazamana na foleni ya bumu, maana nani ataingia kulia mbele ya darasa zima?

Na jina la Mirembe tuliache kulifanya tusi. Kwa utani wetu wa "utapelekwa Mirembe", kijana anayeishi karibu kabisa na hospitali ya taifa ya afya ya akili anaona aibu kuliko wa Kigoma. Huduma za afya ya akili zinapatikana pia katika hospitali nyingine kubwa. Anaweza kuanzia zahanati ya chuo akapewa rufaa.

Yule mama nilimwambia ampigie mwanawe jioni, asimuulize habari za masomo, amuulize habari za rafiki yake: alikuwa mcheshi? Walikutana vipi? Juzi akanipigia. Kijana alilia kwenye simu karibu nusu saa, kisha akaomba nauli aende kuhani kwa wazazi wa marehemu. Baba yake ndiye aliyeituma.