Wanaosema samadi hailishi mtu

Ukipita soko la Gakoromone mjini Meru alfajiri, magari yakishusha ndizi na viazi, hukosi kumsikia mkulima akiapa kwamba kilimo cha samadi, matandazo na mimea mchanganyiko hakiwezi kulisha mtu. Nimezisikia hoja hizo mara nyingi, na naona zinatuumiza.

Wa kwanza husema haya ni mambo ya Wazungu. Kweli, jina la kilimo hiki, "pamakalcha", lilitoka Australia miaka ya 1970, kwa Bill Mollison na David Holmgren. Lakini viazi vikuu vinavyoparamia mti ulio hai, nduma kando ya kijito, maharagwe katikati ya mahindi, migomba ikitia kivuli kahawa, hayo nani alitufundisha? Nyanya zetu walilima hivyo kabla jina hilo halijazaliwa.

Hoja nzito ni hii: "Bila mbolea ya dukani huvuni kitu." Hapa tusikimbie. Udongo wetu mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya huelekea kuwa na asidi, na mbolea ya DAP ikirudiwa msimu baada ya msimu huiongeza. Asidi ikizidi, fosforasi uliyoinunua hukwama udongoni na mahindi hayaipati. Unaongeza gunia, unaongeza deni. Mwaka 2022 gunia la kilo 50 lilipita shilingi 6,000, na wengi walipanda bila chochote. Watafiti walioanza majaribio Chuka mwaka 2000 waliona kwamba majani ya tithonia, yale maua ya njano yanayoota ovyo kando ya barabara, yakifukiwa shambani hutoa mahindi mengi, na zaidi yakichanganywa na nusu ya kipimo cha mbolea ya kiwandani. Kwa hiyo sikuambii uitupe mbolea yote kesho. Nakuambia udongo ulishwe kwanza.

Sri Lanka ndiyo hutajwa mara moja ukisema hivyo. Serikali yake ilipiga marufuku mbolea za kemikali mwaka 2021, mavuno yakaporomoka, na kabla ya mwaka kwisha ikalegeza amri. Lakini amri ile ilishuka ghafla, mboji haijaandaliwa, wakulima hawajafunzwa. Udongo haurudi kwa tangazo.

"Na viwavi je?" Taasisi ya icipe, pamoja na watafiti wa Rothamsted wa Uingereza, ilianza miaka ya 1990 kuandaa njia ya kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na nepia pembeni. Desmodiamu huwafukuza nondo wa viwavi vya mabua na kuongeza naitrojeni. Nepia huwavuta nje, kisha ng'ombe huila. Adui mmoja, faida tatu.

Wengine hulalamika kwamba samadi haitoshi. Rudi Gakoromone jioni, akina mama wakifunga vibanda. Majani ya nje ya kabichi yamelala chini kwa malundo, maganda ya njegere, majani makavu ya migomba yaliyofungiwa ndizi, yote yamelowa na kukanyagwa, yanaanza kunuka. Kesho yatabebwa kama takataka. Hicho ni chakula cha mashamba yetu kinachotoka shambani na hakirudi.

Kwamba kazi ni nyingi, nakubali. Kugeuza lundo la mboji na kukata matandazo huchosha, na mara nyingi mzigo humwangukia mama wa nyumbani. Wanaohubiri kilimo hiki bila kulisema hilo hawamtendei haki. Ila matandazo yakishatandazwa, palizi hupungua, na mvua zikichelewa unyevu hubaki.

Na bei je? Ya sokoni ni ile ile, umenyunyizia dawa au hukunyunyizia. Faida yako iko kwenye pesa ambazo hukuzipeleka dukani.

Mvua za Oktoba hazingoji mtu. Ukija kuuza Gakoromone, usirudi na gunia tupu: omba majani ya kabichi, anza lundo lako, jaribu kwenye robo tu ya shamba, uone mwenyewe msimu huu.