Kaburi bila Daftari

Wazee wetu walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Sisi makarani twaipenda methali hii kwa kuwa ndiyo kazi yetu ya kila siku. Lakini juma hili nawaomba wasomaji waifikirie kwa upande mwingine, yaani upande wa makaburi. Kaburi nalo ni amana. Likikosa jina, likikosa ua, na likikosa mtu wa kulisimamia, litapotea kama wapoteavyo ng'ombe wasiohesabiwa.

Katika sehemu zetu hizi za Bonde la Ufa, watu wengi hupenda kuzikwa nyumbani, katika shamba lao wenyewe, karibu na baba zao. Desturi hiyo ni njema. Lakini imezaa wazo moja lisilo jema, nalo ni kwamba mtu aliyezikwa katika makaburi ya mji ni wa kuhurumiwa, kana kwamba hakuwa na kwao. Kwa sababu hiyo makaburi ya mji huonekana kuwa si ya mtu yeyote. Majani huota, mawe huvunjwa, na hakuna anayeuliza. Hata hivyo wako watu wakubwa wa taifa letu waliolala katika ardhi ya mji, na wawili miongoni mwao wana uhusiano wa karibu na nchi yetu hii ya Nakuru na Baringo. Yafaa tuzijue habari zao.

Msomaji akifika Nairobi, na afike katika bustani iitwayo City Park, upande wa Parklands, kando ya barabara ya Limuru. Ni mahali penye miti mikubwa ya asili na kima wengi, na watu wa mji huenda kupumzika huko siku za Jumapili. Ndani ya bustani hiyo yako makaburi ya zamani, na humo ndimo alimozikwa Pio Gama Pinto mwaka 1965. Nje kidogo ya makaburi hayo, katika bustani hiyo hiyo, amelala Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, pamoja na mkewe Sheila.

Nianze na Murumbi, kwa kuwa yeye ni mzaliwa wa kwetu. Alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911. Hapo zamani Ravine ilikuwa boma la Serikali lenye sifa, katika njia ya zamani ya kwenda Uganda, kabla reli haijafika Nakuru mwaka 1900 na kuugeuza mwendo wa biashara. Baba yake alikuwa Mgoa mfanya biashara, na mama yake alikuwa Mmasai. Alipokuwa mtoto mdogo alipelekwa Bara Hindi kusoma, akarudi akiwa kijana. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake alifanya kazi ya ofisini katika utawala wa Waingereza nchini Somalia. Basi nasi makarani tuna haki ya kumwita mwenzetu.

Aliporudi Kenya mwaka 1952 aliingia katika chama cha KAU. Mwezi Oktoba mwaka huo Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari, viongozi wa chama wakakamatwa, naye Murumbi akashika kazi ya ukatibu mahali pao waliofungwa. Mwaka uliofuata aliondoka nchini, akakaa Uingereza miaka mingi akiieleza dunia taabu za watu wa Kenya. Baada ya Uhuru alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, na mwaka 1966 akawa Makamu wa Rais. Cheo hicho hakukaa nacho hata mwaka mmoja; alijiuzulu mwaka huo huo.

Rafiki yake Pinto alizaliwa Nairobi mwaka 1927, naye pia asili yake ilikuwa Goa, na pia alisomeshwa Bara Hindi. Aliporudi mwaka 1949 alijitia katika kazi ya magazeti na vyama vya wafanya kazi. Wakati wa Hali ya Hatari alisaidia kutafuta mawakili wa kuwatetea walioshtakiwa. Mwezi Januari 1954 alioa. Miezi michache baadaye alikamatwa, akapelekwa kisiwa cha Manda karibu na Lamu pamoja na wafungwa wengine wa siasa. Kisha akatolewa Manda akaletwa Kabarnet, katika milima yetu ya Tugen, akaamriwa asitoke huko. Aliachiliwa mwaka 1959. Ndiyo maana nasema kwamba habari za watu hawa wawili ni zetu pia: mmoja alizaliwa Ravine, na mwingine alizuiliwa Kabarnet, na kutoka mji mmoja hata mwingine si safari ndefu.

Pinto alipofunguliwa hakupumzika. Alianzisha kampuni ya kupiga chapa magazeti, na kati ya magazeti aliyoyatia nguvu ni Sauti ya Mwafrika. Mwaka 1964 aliingia katika Bunge la Kenya. Tarehe 24 Februari 1965 alipigwa risasi akiwa katika gari lake nyumbani kwake Nairobi, na mtoto wake mdogo alikuwamo garini. Umri wake ulikuwa miaka 37. Kijana mmoja alihukumiwa kwa mauaji hayo, akakaa gerezani hata mwaka 2001, huku akikana siku zote kwamba yeye ndiye aliyeua. Ama wale waliopanga jambo lile, hakuna hata mmoja aliyesimamishwa mbele ya hakimu.

Sasa msomaji atauliza: Murumbi alikuwa na shamba lake Transmara, katika nchi ya ndugu za mama yake, mbona hakuzikwa huko? Jibu ni kwamba yeye mwenyewe alipenda kulala karibu na rafiki yake Pinto. Alifariki mwezi Juni 1990, miaka 25 baada ya Pinto, na akazikwa City Park. Mkewe alipofariki mwaka 2000 alizikwa kando yake. Hapa pana jambo la kufikiriwa sana. Mtu mwenye ardhi ya kutosha aliiacha, akachagua ardhi ya mji, karibu na mtu asiye wa ukoo wake.

Tena tufikiri habari za Pinto. Yeye hakuwa na ukoo wenye shamba katika nchi hii. Hakuwa na kilima cha babu zake ambacho wajukuu wangekwenda kila mwaka kukata majani. Mjane wake na watoto walihamia Kanada miaka michache baada ya msiba. Basi nani ndiye mwenye kaburi lake? Ikiwa kaburi la mkulima husimamiwa na wanawe, kaburi la mtu wa namna hii litasimamiwa na wale aliowafanyia kazi, nao ni watu wote wa Kenya. Makaburi ya mji ndiyo shamba la nyumbani la watu waliokuwa na taifa mahali pa ukoo. Tukiyaacha yawe pori, hatuwezi kumtupia mtu mwingine lawama.

Wala hatari hiyo si ya kuwaziwa tu. Katika miaka ya 1980 na 1990 vipande vya City Park viligawiwa watu binafsi, ijapokuwa ilikuwa ardhi ya watu wote. Nyumba ya Murumbi ya Muthaiga, ambayo aliiuzia Serikali ili hazina yake ya vitabu na vitu vya sanaa itunzwe humo, ilibomolewa, na kiwanja chake kikagawanywa. Vitabu vyake vilivyo adimu vilipita 8,000. Kwa bahati njema vitu vyake vingi viko salama katika Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa, katika jengo lile la zamani la benki katikati ya Nairobi, na mtu yeyote aweza kwenda kuvitazama. Lakini jengo alilolikusudia halipo tena.

City Park yenyewe iliponea chupuchupu. Raia wa Nairobi waliungana kuipigania, na mwaka 2009 Serikali iliitangaza katika gazeti lake rasmi kuwa mahali pa urithi wa taifa penye kulindwa na sheria. Mwaka huo huo mahali alipozikwa Murumbi palifunguliwa kuwa bustani ya ukumbusho, nazo sanamu za wachongaji wa Kiafrika zikasimamishwa, miongoni mwao Elkana Ong'esa wa Kisii. Bustani iliyobaki ni hekta zipatazo 60. Nadhani makaburi yale mawili yalisaidia kuiokoa, kwa maana ni rahisi kunyakua kichaka kisicho na jina, lakini ni vigumu kunyakua mahali ambapo kila mtu ajua ni nani aliyelala hapo.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya Nairobi tu. Hapa kwetu Gilgil yako makaburi ya namna mbili yatupayo mafundisho. Ya kwanza ni kaburi la J. M. Kariuki, Mbunge aliyeuawa mwezi Machi 1975. Alizaliwa Rongai katika kaunti hii ya Nakuru, na amezikwa nyumbani kwake Gilgil. Kaburi lake lina jamaa wa kulitazama. Ya pili ni makaburi ya askari waliokufa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hayo husimamiwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917. Kila askari ana jiwe lake na jina lake, na jina hilo limo katika daftari; mtu aliye mbali kabisa aweza kuandika barua na kujibiwa ndugu yake amelala mstari gani.

Lakini daftari hilo nalo lilikuwa na kasoro kubwa. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitangaza kwamba wafu wa Vita vya Kwanza wasiopungua 116,000, na huenda wakafika hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika na wa Mashariki ya Kati, na Tume iliomba radhi. Katika hao wamo wapagazi wa Afrika ya Mashariki, wale waliotupatia jina la Kariokoo, waliobeba vyakula na risasi hata wakafa kwa njaa na maradhi porini. Wazungu waliokufa karibu nao waliandikwa jina moja moja. Tazama basi tofauti iliyofanywa na kalamu. Watoto wa mpagazi yule hawana mahali pa kusimama wakasema, "Babu yetu yuko hapa."

Wako watakaosema kwamba fedha ni chache, na kwamba walio hai wahitaji dawa na karo za shule kabla ya mawe ya wafu. Maneno hayo yana haki yake. Lakini daftari na kalamu havigharimu fedha nyingi, na ua wa miti hupandwa kwa mikono. Isitoshe, mtoto wa shule akisimama mbele ya kaburi la Pinto akaambiwa huyu alifungwa miaka kadhaa kwa ajili ya nchi ambayo wengine walimhesabu kuwa mgeni ndani yake, atajifunza somo la uraia ambalo kitabu peke yake hakiwezi kumfundisha.

Nakuru ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, nasi tulishangilia. Jiji lina barabara, masoko na taa, lakini lina makaburi pia. Ni wajibu wa jiji jipya kuwa na orodha iliyo sahihi ya watu waliozikwa katika ardhi yake, iwekwe mahali ambapo raia aweza kuisoma bila kumbembeleza mtu.

Na wakulima nao wana kazi yao. Mashamba yetu yanagawanywa, na mengi yanauzwa kwa watu wasiotujua. Shamba likiuzwa, kaburi la babu huenda pamoja nalo. Basi kabla kiwanja hakijapimwa, mzee na akae na wanawe waandike: jina la aliyezikwa, mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa, kazi aliyoifanya, na mahali penyewe kwa hatua kutoka mtini au kutoka mpakani. Nakala moja ikae nyumbani, na nyingine kwa chifu au kanisani au msikitini. Kama shamba lauzwa, habari za kaburi ziandikwe katika mapatano, mnunuzi azitie sahihi mbele ya mashahidi. Walimu wa shule nao waweza kuwapa watoto kazi hiyo wakati wa likizo, kila mtoto aandike makaburi ya mtaa wake maadamu wazee wanaoyajua wangali hai.