Ganzi ikiisha usiku: dawa gani apewe mtoto aliyetoka kufanyiwa upasuaji?

Mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri mara nyingi huruhusiwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Kwa familia ya Ruhembe hiyo ni safari ya kutoka Mikumi au Morogoro mjini, kisha usiku ganzi inaisha, mtoto analia na zahanati imefungwa. Ndipo mama anakumbuka vile vidonge vya tramadoli alivyobakiza shangazi alipovunjika mguu.

Visiguswe. Tramadoli na kodeini ni jamii moja na mofini. Ini hubadilisha kodeini kuwa mofini, na wapo watoto ambao miili yao hufanya kazi hiyo haraka mno. Mtoto analala fofofo, pumzi inapungua, anaweza kufa. Kwa kumtazama tu huwezi kumjua. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliacha kupendekeza kodeini kwa maumivu ya watoto. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaelekeza kuwa dawa zote mbili zisitumike kutuliza maumivu kwa walio chini ya miaka 12.

Haina maana kwamba mtoto avumilie. Mofini yenyewe, ikitolewa hospitalini kwa kipimo na uangalizi, ni dawa nzuri, na mtoto wa upasuaji mkubwa asinyimwe. Kinachopunguza hitaji lake ni ganzi. Mtaalamu wa usingizi anaweza kumchoma mtoto sindano chini ya mgongo akiwa amelala, maumivu yakakaa mbali kwa saa kadhaa. Mzazi ana haki ya kuuliza mapema: atachomwa ganzi? Itaisha saa ngapi?

Jibu la swali la pili ndilo la kushika, kwa sababu parasetamoli hutolewa kabla ganzi haijaisha, kisha kwa saa, bila kusubiri kilio. Kipimo ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 12 anapata miligramu 180, yaani mililita 7.5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Nusu ya kidonge cha miligramu 500, ambayo wengi huivunja kwa mazoea, tayari imezidi. Ibuprofeni apewe daktari akiruhusu, aspirini hapana.

Akiwa mgumu kuamka, anapumua polepole au midomo inageuka rangi, apelekwe hospitali usiku huo huo, na pakiti ya dawa aliyomeza ibebwe.