Kiingilio cha Kutazama Samaki Hakipotei Bure

Ukimpeleka mtoto mahali pa kutazama samaki, huenda ukadhani kiingilio ulicholipa ni cha starehe ya mchana mmoja tu. Lakini katika mji wa Naples, Italia, pesa za namna hiyo zimesaidia wataalamu kuelewa jinsi kiumbe anavyoumbika tangu akiwa yai.

Mwaka wa 1872, Mjerumani Anton Dohrn, mtaalamu wa elimu ya wanyama, alianza kujenga kituo cha utafiti kando ya bahari. Alitaka mtafiti akifika akute meza, vitabu, dawa za maabara na wanyama walio hai. Baraza la mji lilimpa kiwanja bila malipo.

Je, gharama za kila siku zingetoka wapi? Dohrn aliweka akwariamu chini, na watafiti juu. Mnamo Januari 1874 milango ilifunguliwa, watu wakalipa kuwaona pweza, kamba na mikunga. Akijua kwamba kiingilio pekee hakitatosha, alibuni pia mpango wa kukodisha meza. Serikali au chuo kikuu kililipa ada ya mwaka, kisha kikamtuma mtaalamu wake. Hivyo wataalamu wa mataifa mbalimbali walifanya kazi chini ya paa moja.

Mmoja wao alikuwa Theodor Boveri. Mwanzoni mwa karne ya 20 alichunguza mayai ya yule mnyama wa mviringo mwenye miiba, anayewachoma waogeleaji miguuni. Mayai hayo hurutubishwa majini, na kila hatua huonekana kwa hadubini. Boveri aligundua kwamba kijusi kisichopata kromosomu zote zinazohitajika hakikui sawasawa. Kromosomu ndizo hubeba urithi wa wazazi, hata kwetu sisi binadamu.

Mwaka wa 1951, katika mkutano kituoni humo, kijana Mmarekani James Watson aliona picha ya DNA iliyoonyeshwa na Maurice Wilkins. Picha hiyo ilimtia hamu, na mwaka wa 1953 yeye na Francis Crick wakaeleza umbo la DNA.

Kituo kingali kinafanya kazi kwa jina la Dohrn. Akwariamu ilifanyiwa ukarabati ikafunguliwa tena mwaka wa 2021, na watafiti wake pia huwatibu kasa waliojeruhiwa.

Basi mzazi, mtoto akikuuliza kwa nini pweza hubadilika rangi, usimkaripie. Mweleze kwamba ngozi ya pweza ina vifuko vidogo vya rangi, na misuli ikivivuta, rangi hutanda. Usipojua jibu, litafuteni pamoja. Kuuliza si ujinga. Boveri naye alianza kwa kuuliza.