Keki Ing'ae Bila Madoa ya Unga

Desemba ikikaribia huwa ni kadi za michango ya harusi kila upande. Kwenu ninyi mnaopika nyumbani, hasa wanafunzi mnaojitafutia karo kwa oda za keki, huo ndio msimu wa mavuno. Basi juma hili tuzungumzie jambo linaloweza kumkosesha mpishi salio la malipo yake: keki ya fondanti iliyo tamu kabisa, lakini ikiwekwa mezani inaonekana kana kwamba imetoka posho mill.

Weupe huo ni ile sukari ya aisingi au wanga wa mahindi ulionyunyiza mezani ili fondanti isinate ulipokuwa ukiisukuma. Kwenye keki nyeupe hakuna atakayeugundua. Lakini bibi harusi akitaka damu ya mzee, buluu iliyokolea au nyeusi, kila chembe itajitangaza.

Kwanza chukua brashi laini iliyo kavu, ambayo haijagusa mafuta wala rangi, upanguse unga wote taratibu. Usithubutu kutumia kitambaa kilicholowa. Fondanti ni sukari, na sukari ikipata maji mengi hunata na kuchimbika, na kovu lake halifichiki. Mashimo na mikunjo nayo ilainishe mapema kwa kiganja, kwani mng'ao hauyafichi, huyaonyesha.

Kisha mvuke. Mwenye kile kifaa cha mvuke cha kunyooshea nguo zilizotundikwa amebahatika, mradi kiwe safi. Kiache kiteme matone yake ya kwanza kando, halafu upitishe mvuke juu ya keki kutoka umbali wa sentimita 20 hivi, bila kutua mahali pamoja. Utaona weupe ukitoweka na rangi ikikolea papo hapo, kwa sababu mvuke huyeyusha utando mwembamba sana wa sukari na chembe za unga zikamezwa humo. Ukizidisha, matone yatateremka na kuacha michirizi, kwa hivyo jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki. Asiye na kifaa hicho atumie birika kwa maua na majani madogo tu. Keki nzima utaining'iniza vipi juu ya birika? Watoto wakae mbali.

Mng'ao wa mvuke hupungua ukikauka, ukabaki kama wa hariri. Mimi huo ndio naupendelea. Anayetaka keki ing'ae kama kiatu kilichopigwa rangi na achanganye vodka na shira ya glukosi kwa kiasi sawa, apake tabaka moja jembamba kwa brashi. Vodka hukauka haraka kuliko maji, na glukosi ndiyo inayobaki iking'aa. Ila uso huo huendelea kunata kidogo, na kila kidole kitaacha alama. Tena muulize mteja kwanza. Kuna nyumba nyingi, za Waislamu na hata za Wakristo, ambazo hazitakubali pombe kwenye keki hata tone, na si haki kuwalisha wasichokijua. Hao wafanyie kwa mvuke.

Keki inayosafiri, tuseme kutoka Nairobi hadi kwa wakwe Murang'a, usiing'arishe nyumbani. Ibebe kavu ndani ya katoni, uipange ukumbini, kisha ndipo uipitishie mvuke, yapata saa moja kabla ya wageni kuingia.

Nanyi wa Mombasa, tahadharini na friji. Keki ikitoka kwenye baridi na kukutana na joto la pwani hutoka jasho mara moja. Iache ndani ya katoni iliyofungwa mpaka ipoe baridi yake. Ikitoka jasho hata hivyo, usiipanguse wala usiiguse. Iwekee feni kwa mbali na uiache ikauke yenyewe.